Nani Alimbebea Mzigo

Nyinyi vijana mnaopangisha vyumba siku hizi mna haraka. Mtu anakuja na begi lake, mnampigia simu mwenye nyumba wa zamani, simu inasema huyo ni mtu mzuri hana shida, mnampa ufunguo. Kabla msimu haujaisha mnakuja kwangu kulalamika. Leo kaeni chini. Sikusoma sana. Nilifika darasa la pili shule ya misheni nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini kazi ya kuulizia wapangaji niliifanya mpaka magoti yalipokataa, na aliyenifundisha ni mwanamke ambaye hadi leo nikitaja jina lake najikuta nimekaa vizuri kwenye kiti.

Aliitwa Bi Mwanahawa. Nyumba yake ilikuwa Mbeya mjini, vyumba pande tatu za ua, choo kimoja, kisima kimoja, na paa la madebe yaliyofunuliwa na kupigwa nyundo mpaka yakawa bapa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Babu zake walikuja bara na biashara wakitokea pwani, yeye alizaliwa hapahapa kwenye baridi yetu. Kiswahili chake kilitiririka. Changu mimi, Msafwa wa mlimani, kilikuwa kinajikwaa kila hatua. Niliingia kwake kama msichana wa kuchota maji. Akanitazama kwa muda, akasema, "Tabita, wewe una mdomo mzito na macho mepesi. Weka ndoo chini." Basi, kazi yangu ikabadilika hivyo.

Miaka ile ya hamsini Mbeya ilijaa watu wa njiani. Wengine wanakwenda Chunya kwenye dhahabu, wengine wanarudi kutoka huko na kikohozi. Waashi, mafundi seremala, madereva, wake wanaofuata waume, waume wanaokimbia wake. Wote wanataka chumba. Na sheria ya Bi Mwanahawa ilikuwa moja: mgeni hanyimwi moto wala maji, lakini ufunguo hapewi mpaka nyumba aliyotoka iseme neno lake. Neno hilo halikuja kwa karatasi. Karatasi ungeweza kuandikiwa sokoni na mtu asiyekujua. Neno lililetwa na mtu aliyekwenda, akaketi, akaangalia, akarudi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa msikilize desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mpangaji akihama, mwenye nyumba alimsindikiza, na alimbebea kitu kimoja katika mizigo yake. Mkeka, sufuria, taa, chochote. Akimfikisha mlangoni tu, huyo walivumiliana. Akimfikisha njia panda, ni mtu wa kawaida, mpe chumba na umwangalie. Akimbebea mpaka kwenye lori, akampandishia mzigo wake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu, basi huyo mpokee hata kama hujamwona. Madereva na mautingo wao waliangalia hayo kama wanavyoangalia matairi. Lori likisimama Mbeya, Bi Mwanahawa hakuuliza huyu ni nani. Aliuliza, "Nani alimbebea mzigo?"

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Lakini jambo hilo lilinishangaza mpaka nikaogopa kidogo. Mzee mmoja anaweka mkeka kwenye lori Iringa, na huku Mbeya, ng'ambo ya mabonde yote yale, mlango unafunguka. Hakuna waya, hakuna muhuri. Macho ya watu tu, yanapokezana.

Kulikuwa na mambo mengine ya kujua. Usimuulize mwenye nyumba kama mpangaji ni mwema, atakujibu anavyotaka. Omba maji ya kunywa, kaa. Taja jina la mtu huyo kwa sauti ya kawaida uone watoto wa uani wanafanya nini. Halafu uliza: zamu yake ya kufagia choo anaishika nani siku hizi? Wakianza kuguna na kusukumiana, ujue aliyekuwepo alikuwa anafagia. Wasipokumbuka kama alikuwa na zamu, umeshapata jibu, kunywa maji yako uondoke.

Na sifa nazo ziogopeni. Zamani kidogo kabla ya habari ninayotaka kuwaambia, alikuja fundi seremala kutoka Makongolosi. Nikaenda kuulizia huko machimboni. Mwenye nyumba wake alimsifu mpaka nikaona aibu kuendelea kuuliza. Eti mtulivu. Eti hapokei wageni kabisa. Eti haibiwi kitu chumbani, mlango anaacha wazi na hakuna anayethubutu kuingia. Eti chumba chake kinanukia vizuri kuliko cha mtu yeyote pale. Nikarudi mbio kumletea Bi Mwanahawa habari njema. Yule fundi akahamia na masanduku yake. Siku jua lilipotoka vizuri tukajua kwamba masanduku yale ni mizinga, na nyuki wamo. Alikuwa analala nao chumbani kwa sababu nje ni baridi na aliwaonea huruma. Ua mzima tulihamia barabarani na masufuria vichwani. Bi Mwanahawa, jicho moja limevimba, alinigeukia akasema, "Kila neno uliloniletea lilikuwa kweli, Tabita." Ndipo nikajifunza kwamba mwenye nyumba wa mwisho anaweza kumsifu mtu ili aondokewe.

La mwisho ni hili. Mpangaji mbaya kweli hakutukanwa. Ilikuwa mwiko. Mtu mliyechangia choo na kisima humsemi vibaya mbele ya mgeni. Ukija kumuuliza Bi Mwanahawa habari za mtu aliyemshinda, alikukaribisha kahawa, akakuuliza mvua za kwenu, akakusifia kanga. Jina ulilolileta hakuligusa. Ulimaliza kahawa yako, ukaaga, ukaenda kufunga mlango wako kwa komeo. Wabaya walinyamaziwa.

Hayo yote yashikeni. Sasa aje Magdalena.

Alishuka kwenye lori la kutoka Iringa wakati baridi ya Mbeya inaanza kuuma masikio. Mhehe wa Kalenga, mrefu, na furushi moja tu. Alifika barazani akapiga magoti akasalimia, akaeleza bila kulia. Mume wake alikuwa machimboni Makongolosi, mbao za shimo zimeanguka zikamvunja miguu yote miwili, yuko hospitali hapa Mbeya. Wakati ule mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia na kumgeuza kitandani hakuwa na maisha marefu, hilo kila mtu alilijua. Hana ndugu Mbeya. Anataka chumba kidogo chenye mahali pa kuwasha moto, apike, apeleke.

Bi Mwanahawa alikuwa na chumba kimoja kilichobaki. Akamtazama yule dereva aliyekuwa anapakua. "Nani alimbebea mzigo?"

Dereva alikuna shingo. "Hakuna, Bi."

"Hata mlangoni?"

"Nilikuwa nimesimamisha gari pale pale. Mwenye nyumba wake aliingia ndani akamfungia mlango."

Wapangaji wote walikuwa wanasikiliza, wengine wameshika ungo hawapepeti. Mwanamke peke yake, mjini, halafu amefungiwa mlango. Mnajua wanawake wenye waume walianza kufikiria nini. Na chumba kilekile kilikuwa kinatakwa na fundi cherehani mmoja ambaye mwenye nyumba wake wa Tukuyu alimbebea cherehani mpaka kwenye gari, jasho linamtoka. Kwa desturi yetu shauri lilikuwa limekwisha.

Bi Mwanahawa alimuuliza Magdalena, "Ulimkosea nini huyo mwenye nyumba wako?"

"Niliondoka, Bi. Hilo tu."

Akaomba aoneshwe njia ya hospitali.

Alipotoka, wapangaji walidhani fundi cherehani ataitwa achukue ufunguo. Bi Mwanahawa akaniita mimi. Akasema mwanamke atalala kwenye banda la jikoni mpaka nirudi, na chumba hakiguswi. Nikamwambia Iringa ni mbali kwenda kuulizia mtu ambaye jibu lake tunalo tayari. Akanikazia macho. "Mlango uliofungwa una mtu nyuma yake. Nenda kamtazame."

Nilipanda lori la dereva aitwaye Kasimu, mtani mkubwa. Tulipoanza kuteremka kuelekea Usangu alianza: eti Msafwa akishuka bondeni anayeyuka kama siagi, nimwambie mapema atafute kopo la kunikingia. Nikamwambia aangalie barabara. Sikuwahi kuiona nchi ile kutoka juu. Bonde limelala kama ngozi iliyotandikwa kukauka, ng'ombe wa Wasangu ni vumbi linalotembea, na mito inang'aa halafu inapotea kwenye nyasi. Niliwaza, katikati ya upana wote huu, kuna mtu mmoja upande ule ambaye neno lake litaamua kama mtu mmoja upande huu atapika uji au hatapika. Kichwa changu cha darasa la pili kilishindwa kulibeba jambo hilo. Bado kinashindwa.

Tulilala njiani, tukapanda tena kwenye miinuko ya Makambako, na kesho yake jioni tukaingia Iringa, nywele zangu nyekundu kwa vumbi.

Mwenye nyumba aliitwa Mzee Sefu. Alikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa mbele, vyumba vya kupangisha nyuma. Kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa, mtu wa kuheshimiwa pale mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mbeya, kwa Bi Mwanahawa.

Uso wake ulibadilika palepale. Sijafuta vumbi, sijapewa maji, akaanza mwenyewe. "Umekuja kwa ajili ya Magdalena. Mkorofi yule. Hasalimii. Anavunja vyungu. Mwambie mama yako wa Mbeya amrudishe huku huku, sisi tumeshamzoea."

Nilikaa kwenye gunia. Nikaomba maji. Nikawa nayanywa taratibu huku naona kuna kitu kimekaa upande. Mwiko wetu aliujua, mtu wa umri wake. Mpangaji mbaya anamnyamazia, anamletea mgeni kahawa. Huyu ananitolea matusi bila kuulizwa, halafu anataka mkorofi wake arudishwe. Nani anaomba kurudishiwa mvunja vyungu?

Nikauliza chumba chake kimepangwa na nani sasa.

Mzee Sefu akapanga upya kopo lililokuwa limepangwa. "Hakina mtu."

Iringa wakati ule watu walikuwa wanagombania hata stoo za mahindi. Nikamwomba anioneshe. Hakutaka, lakini mjumbe wa mwenye nyumba mwenzake hanyimwi kuona chumba, nayo ni desturi. Funguo za vyumba vingine zilining'inia kwenye misumari ukutani. Wa chumba cha Magdalena aliutoa mfukoni mwa kanzu yake.

Nimeingia vyumba vingi vilivyoachwa, wajukuu zangu. Chumba kilichoachwa kina harufu yake, ya majivu baridi na panya. Hiki hakikuwa nayo. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya kwa udongo, kwenye pembe bado unyevu. Mafiga yamekaa, majivu yamezolewa. Kuni zimepangwa ukutani, kavu, zimepasuliwa nyembamba kama anavyopasua mwanamke anayetaka moto ushike haraka. Na kwenye pembe kinu kikubwa cha mti mgumu, kimefunikwa na ungo ili vumbi lisiingie, mchi wake umeegemezwa kando. Mkeka mpya umekunjwa, haujalaliwa. Chumba kilikuwa kinamsubiri mtu.

Nikageuka kumwuliza nani amesiriba. Sikuuliza. Niliona mikono yake. Kucha zote zilikuwa na udongo uleule umekaukia ndani. Mwanamume yule, mzee wa duka, mtu wa kofia na kanzu, alikuwa amepiga magoti akasiriba sakafu ya mpangaji kwa viganja vyake, kazi ambayo hata watoto wa kiume walikimbia. Aliona naitazama akaificha mikono nyuma.

Hapo ndipo sauti ikatoka chumba cha pili, sauti kavu ya kikongwe. "Magdalena? Leo umechelewa."

Alikuwa mama yake Mzee Sefu. Macho yake yalikuwa meupe, haoni, na alikuwa amesikia nyayo za mwanamke kwenye chumba kile. Nilikwenda nikamwamkia. Akanyoosha mkono, akanigusa shavu, akanigusa kidevu, halafu mkono ukashuka wenyewe. Niliona kichwa chake. Kilikuwa kimesukwa mistari, kazi safi sana ilikuwa, lakini imelegea, nywele nyeupe zinachomoza kila mahali kama nyuzi za gunia kuukuu. Mzee Sefu akasema kwa sauti ya chini kwamba hakubali mtu mwingine amfumue. Wake za wapangaji wamejaribu, binti wa jirani amejaribu. Anawapiga mikono. Uji anakunywa kwa kuombwa.

Tulirudi kwenye chumba cha Magdalena. Sikumhukumu, nilisubiri. Kazi hii nusu yake ni kusubiri. Mwisho akasema:

"Binti, nikimsema vizuri mtamchukua. Nikimsema vibaya mtamnyima chumba, atarudi. Niambie kosa liko wapi."

"Mzee, yeye alikuaga vipi?"

"Alikuja pale dukani na furushi, anasema mume wake, Makongolosi, lori linaondoka. Nikajua. Dhahabu imepatikana, anaitwa akakae huko. Nikafunga mlango kabla hajamaliza kusema."

"Basi hukusikia yaliyobaki," nikamwambia. "Mume wake amevunjika miguu yote miwili shimoni. Yuko hospitali hana wa kumgeuza. Magdalena analala kwenye banda la jikoni letu mpaka mimi nirudi na neno lako."

Alitafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya ule mkeka mpya, kanzu yake nyeupe kwenye udongo mbichi. Mama yake alikuwa huko chumba cha pili, na kuta zile zilikuwa nyembamba. Tulijua amesikia.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Sefu. Mpelekee kinu chake. Atatwangia nini huko?"

Mzee Sefu akanyanyuka. Akakiviringisha kinu mpaka mlangoni kwa mama yake, naye akachomoa chanuo la mti kutoka chini ya mto, chanuo jeusi la zamani, akalitumbukiza ndani ya kinu kwa kupapasa. "Na hili. Mwambie mwenyewe sitachanwa na mwingine. Akimaliza kazi yake, ajue lilipo."

Kisha nikaona jambo ambalo nikifumba macho nalo bado liko. Mzee Sefu aliinua kinu kile, ambacho wanaume wawili wangesaidiana kukibeba, akakiweka begani juu ya kanzu yake. Mimi nikashika mchi. Nikamwambia kuna vijana wa mkokoteni pale nje. Akakigeuza begani kikae vizuri. Tukatoka mlango wa mbele, wa dukani, tukapita katikati ya soko la Iringa, saa ambayo kila mtu yupo.

Wauza nyama walisimamisha visu. Wanawake wa vikapu vya nyasi za milulu waliinuka kwenye mikeka yao. Kinu ni kitu cha jikoni, wajukuu zangu, na wakati ule mwanamume hata kukisogeza ili afagie alimwita mkewe. Mzee mmoja rafiki yake, muuza kahawa, akashindwa kujizuia.

"Bwana Sefu, siku hizi unatwanga?"

"Namsindikiza mpangaji wangu."

"Yuko wapi, mbona simwoni?"

"Ametangulia."

Muuza kahawa alifungua mdomo aongeze utani, akakiangalia kile kinu, akamwangalia mzee jasho linavyoingia machoni, akaufunga. Akaweka birika lake chini. Akaja akatembea nyuma yetu. Mwingine naye akaja. Tulipofika kwenye malori tulikuwa watu wengi, na hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee Sefu alikipandisha kinu mwenyewe. Kasimu alitaka kukishika kutoka juu, mzee akamwambia aache mkono wake. Alipokiweka akakaa anahema, ameshika ubao wa gari, na akaniambia neno moja tu la kupeleka: "Mwambie sikumfungia yeye. Nilijifungia mimi."

Safari ya kurudi tulichelewa. Igawa tulipakia magunia ya mpunga wa Ubaruku, halafu tairi likatusumbua, na malori mawili matatu yalitupita yakipiga honi. Mimi nilikuwa nahesabu siku zinazokwenda, namfikiria fundi cherehani, nafikiria mtu aliyelala hospitali anaangalia mlango. Nilijipanga njia nzima jinsi ya kumweleza Bi Mwanahawa, nianze na kucha au nianze na mistari ya nywele, nimshawishi vipi kwamba matusi yale yalikuwa sifa.

Nilishuka Mbeya mvua ya manyunyu inadondoka. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi barazani amejifunika kanga mbili. Mlango wa kile chumba kilichobaki ulikuwa wazi, na moshi ulikuwa unatoka.

"Nimesikia kinu kimetembea Iringa," akasema.

Malori yale yaliyotupita. Sikuwa nimefungua kinywa. Niliingia uani nimebeba mchi kama mjinga, naangalia ule moshi. Barabara ilikuwa imesema kabla yangu, imesema yote, na kwa usahihi. Hata neno "ametangulia" walikuwa nalo, mautingo walikuwa wanaliigiza sokoni Mbeya. Fundi cherehani naye aliposikia alikunja uso, akasema mbele ya kinu hana cha kujibu, akaenda kupanga nyumba ya pili.

Magdalena alitoka chumbani na mwiko mkononi. Alipokiona kinu alikaa chini palepale kwenye matope, akatia mkono ndani, akatoa lile chanuo. Akaligeuza. Akaniuliza kitu kimoja.

"Bado ana mistari yangu?"

"Anayo. Imelegea sana."

Nikampa neno la Mzee Sefu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtoto mtundu. Akalitia chanuo kifuani, akarudi kwenye sufuria, maana uji ulikuwa unachemka na hospitali walikuwa na saa zao.

Alikaa nasi baridi yote ile na mvua zilizofuata. Kila asubuhi tuliamshwa na kinu, du, du, du, na hakuna aliyelalamika. Wale wanawake waliokuwa wameshika ungo siku ya kwanza walikuwa wanagombania kutwanga naye. Zamu ya choo sikumbuki kumkumbusha. Bi Mwanahawa, aliyezoea kulia chakula chake peke yake chumbani, alianza kutoa kigoda chake nje. Kukicha akiuliza, anauliza kama mgonjwa wa Magdalena amelala vizuri. Mgonjwa mwenyewe siku moja aliletwa uani akitembea kwa magongo, kijana mnyamavu, akamwamkia Bi Mwanahawa kwa kuegemea ukuta, na wote tulisimama kama ameingia chifu.

Kisha Magdalena akaja kuaga. Miguu ya mume haitarudi shimoni, Mzee Sefu ametuma salamu kwamba dukani kuna kazi ya kukaa, na kichwa cha bibi kinasubiri.

Bi Mwanahawa hakuwahi kumsindikiza mpangaji kupita njia panda. Walikuwepo wazuri, lakini yeye alikuwa hivyo, njia panda anaweka chini anageuka. Siku hiyo aliubeba mchi. Mimi na wapangaji wengine tukasaidiana kubeba kinu. Tulipofika njia panda nikapunguza mwendo kumsubiri aniachie. Alinipita. Alikwenda mbele yetu sote mpaka kwenye malori, mama mtu mzima, mchi begani, kanga imemteleza kichwani na hakuirudisha. Akaupandisha. Lori likaondoka.

Nyumba ilikuwa kimya siku zile. Nilikifagia kile chumba, nikakisiriba, watu wakaja kukiulizia, naye akawa anasema tusubiri kidogo. Hata Kasimu aliporudi kutoka Iringa akasimama barazani kwetu, amejaa vumbi, anacheka. Akasema kikongwe kimefumuliwa, kimeoshwa, kimesukwa mistari mipya inayong'aa kama mahindi, kinakunywa uji kikombe kizima na kuomba kingine.

Bi Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho. Akashukuru Mungu. Akaangalia upande wa kile chumba, mlango wake umefungwa, ufunguo sijui aliuweka wapi maana kwenye msumari haukuwepo.

"Tabita," akaniambia. "Ukipata lori la kwenda Iringa, nenda kwa huyo Mzee Sefu. Mwambie yule mwanamke ni mkorofi. Hasalimii. Anavunja vyungu. Wamrudishe."